Kitambaa cha Maua Kwenye Chemba

Tarehe 4, mwezi wa pili

Mdogo wangu,

Pokea salamu za mtu mwenye sikio moja linalofanya kazi na goti moja lililogoma, vingine vyote viko mahali pake na vinakusalimu. Naandika kwa sababu simu kila nikiiweka sikioni nasikia mbu tu humo ndani. Na usiulize nani amenishikia kalamu. Nimeandika mwenyewe kwa mkono huu huu. Darasa la tatu lilinitosha, kwani chini ya ardhi hakuna vibao vya kusoma.

Habari za huku ni uvundo. Mvua ya kwanza imeanguka juzi na mtaro wa barabarani umejaa chupa na nepi, watu hawa wanadhani mtaro ni kapu. Manispaa wamebandika tangazo kila mlango. Kila mwenye nyumba asafishe mtaro ulio mbele yake. Asijenge wala kuweka kitu juu ya mfuniko wa chemba. Asitupe vitambaa wala mafuta chooni. Maji ya mvua yaende mtaroni, yasiingizwe kwenye bomba la majitaka. Nilicheka mpaka nikakohoa. Hayo yote niliyasema mimi kabla aliyeandika hajaota meno! Miaka thelathini na nane nimeingia chemba za mji huu kwa kamba kiunoni, na hakuna bomba lililowahi kunidanganya. Lile shada la plastiki walilonivisha siku ya kustaafu bado liko ukutani, njoo ulione.

Kwako maji machafu yamepanda tena. Nimeyaona yametambaa chini ya mlango wa nyuma. Nimefagia kwa nje tu maana ufunguo sina. Mdogo wangu, rudi. Mwaka wa pili huu nyumba yako imefungwa, na mimi jioni nasalimiana na ukuta. Watoto wangu unawajua, wako mbali na wana mambo yao. Najua mliondoka na hasira. Mwambie shemeji sina kinyongo naye. Aache tu kutupa vipande vya cherehani chooni, basi, yaishe. Kile kitambaa cha maua nilikivua kwa ndoano yangu, nikakiinua kwa kijiti mbele ya mkutano mzima wa wakazi, kila mtu alikiona, sikumsingizia.

Ni mimi kaka yako,
Bingwa wa Chemba


Tarehe 15, mwezi wa pili

Kaka, shikamoo.

Barua imefika. Mistari yako bado inapanda mlima kama zamani, nimeisoma nimeinamisha kichwa. Binti yangu anakusalimu, chumba alichotupa kina mwanga mzuri na cherehani yangu nimeiweka dirishani. Nashona sare za shule. Mama yake hajambo kidogo.

Maneno uliyosema nimwambie sikumwambia.

Nakuuliza jambo moja tu, kaka. Sisi hatupo hapo mwaka wa pili. Umesema mwenyewe nyumba imefungwa na ufunguo huna. Sasa hivyo vitambaa vinavyoziba choo anavitupa nani?

Mdogo wako,
Fundi wa cherehani


Tarehe 1, mwezi wa tatu

Mdogo wangu,

Hilo ndilo swali la fundi cherehani! Kitambaa kikiingia kwenye bomba hakiondoki kama mgeni. Kinaganda kwenye kona, kinashika nywele, kinashika mafuta, kinakaa miaka. Mimi nimevua humo blanketi zima, nimevua sufuria, nimevua meno ya bandia na mwenyewe akaja kuyadai. Unanifundisha bomba? Haya, na mimi nije nikufundishe tundu la kifungo.

Ila nina habari. Manispaa wamemleta mkaguzi, binti mdogo mwenye kofia ngumu kubwa kuliko kichwa. Anataka kupima kila nyumba mtaani ajue maji ya nani yanakwenda wapi. Akaja na vipimo vyake kwenye sanduku, nikamwambia mwanangu, funga hilo sanduku. Nunua bluu ya kufulia. Koroga ndoo, mwaga kwenye paa la mtu, kisha nenda katazame bluu inatokea wapi. Ikitokea mtaroni, huyo ni raia mwema. Ikitokea kwenye majitaka, mkamate. Njia hiyo niliianzisha mimi, uliza popote. Akaandika kwenye daftari lake! Ananiita Mwalimu.

Watapima tarehe 20. Nyumba yako ndiyo ya chini kabisa, ya mwisho kabla ya bomba kuu, lazima waingie. Nitumie ufunguo. Nitasimamia mwenyewe, na hayo matambara nitayavua, mje mkute choo kinameta.

Na kwa nini hajambo "kidogo"? Mwambie anywe maji ya moto apumzishe mgongo. Alikuwa haachi kuinama yule.

Ni mimi kaka yako,
Bingwa wa Chemba


Tarehe 10, mwezi wa tatu

Kaka, shikamoo.

Ufunguo uko ndani ya karatasi hii, nimeushona kwenye kipande cha turubai usitoboe bahasha. Kitasa kinataka kuinuliwa kwanza ndipo kizunguke.

Mke wangu tulimzika Alhamisi.

Aliugua tangu mwaka jana. Tumbo, kisha ini, kisha hatukuuliza tena. Nilitaka kukuita na yeye ndiye aliyekataa. Alisema, "Asije akanitazama kama siku ile na kijiti chake." Kaka, nilimwahidi. Nisamehe kwa hilo kama unaweza.

Sina la zaidi. Usiniandikie tena habari za vitambaa.

Mdogo wako


Tarehe 16, mwezi wa tatu

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Nikampelekea muuza mkaa anisomee nikidhani macho yangu yamenidanganya.

Ningekuja. Ningekuja na goti hili kwa miguu. Mnazika mtu wangu mimi niko huku nazibua mitaro ya watu! Yule alimwosha mama yetu kwa miezi saba, alimgeuza kitandani asubuhi na jioni, mimi mtoto wa kuzaliwa nikisimama mlangoni naogopa kugusa. Hilo nilisahau? Sikusahau. Na wewe unakaa kimya kwa sababu ya kijiti. Mtu mzima unatunza ahadi kama hiyo?

Niliinua kile kitambaa kwa sababu kilikuwa ndani ya bomba. Kingekuwa cha mke wangu mwenyewe ningekiinua. Kazi ni kazi. Hakuna aliyemtukana. Watu walicheka kidogo tu.

Nimekasirika, siwezi kuandika vizuri. Tarehe 20 nitafungua nyumba yako. Nitaisafisha kwa ajili yake, utaona.

Mungu amlaze pema.

Kaka yako,
Bingwa wa Chemba


Tarehe 23, mwezi wa tatu

Mdogo wangu,

Upimaji umefanyika. Kitasa nilikiinua kama ulivyosema. Nyumba yako ni nzima, sakafu nimeosha.

Chumbani kwenu nimekuta magunia kumi na moja, yamepangwa juu ya mbao yasilowe. Nilifungua moja. Ni vipande vya vitambaa, vidogo vidogo, vingine ni nyuzi tu. Nikafungua la pili. Ni hivyo hivyo. Kwa nini hukuniambia kuna magunia?

Mvua bado.

Kaka yako


Tarehe 30, mwezi wa tatu

Kaka, shikamoo.

Tangu nikujue hujawahi kuandika karatasi isiyojaa. Hata jina lako la ubingwa umelisahau. Una jambo.

Magunia nakwambia. Siku ile ulipoinua kitambaa alikitambua. Kilikuwa cha gauni lake mwenyewe, maua ya njano, ndiyo maana hakubisha. Alirudi nyumbani akakaa juu ya ndoo akajiuliza kilimponyoka vipi, maana chooni alikuwa hatupi hata uzi. Alijiuliza siku nyingi. Halafu akaanza kuokota. Kila kipande kilichoanguka chini ya cherehani zetu mbili kikaenda kwenye gunia. Miaka minne. Gunia likijaa anazunguka nalo kwa majirani, "Tazama, vyote viko humu." Wakimwona anakuja wanafunga milango. Nilimwambia aache, akasema siku moja choo kitapanda tena na kaka yako atakuja na ndoano, na mimi nitakuwa na kitu cha kumwonyesha.

Kikapanda, naam. Kila mvua kilipanda. Na wewe hukuja kuangalia, ulipiga kelele kutoka barazani kwako.

Kuna jingine. Aliniambia mara moja, "Mbona choo kinapanda mvua ikinyesha tu? Kitambaa kingeziba hata kiangazi." Mimi nikamjibu, nyamaza, kaka ndiye fundi. Maneno hayo niliyatamka kwa kinywa changu na sasa nalala nayo.

Bluu ilitokea wapi, kaka?

Mdogo wako


Tarehe 9, mwezi wa nne

Mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Karatasi tatu zimewashia jiko.

Siku ya kupima watu walijaa barabarani. Yule binti mkaguzi akauliza aanze na nyumba gani. Nikapaza sauti, anza kwangu, ili hawa waone nyumba ya fundi inavyokuwa! Nikapanda ngazi mwenyewe. Nikamwaga ndoo nzima ya bluu kwenye mfereji wa paa langu, na nyuma yake gari la maji la manispaa likamimina kwa mpira, maana paa langu ndilo kubwa kuliko yote mtaani, hilo nimejisifu nalo hata kwako. Kisha tukaenda kusimama mtaroni, pale maji ya paa yanapotakiwa kutoka. Tukasubiri. Nikasema mtaro una kiu leo. Watu wakacheka. Yule binti hakucheka, aliniomba nimfungulie kwako akaingia peke yake. Baada ya muda akatoka mlangoni akasema, "Mwalimu, njoo uone."

Choo cha shemeji kilikuwa kimepanda mpaka ukingoni na kilikuwa cha bluu.

Mdogo wangu, unakumbuka mwaka mama alipolala chumba cha mbele hainuki. Maji ya paa yalikuwa yakiingia chini ya mlango mpaka kwenye miguu ya kitanda chake. Mimi nilikata bomba la kushusha maji ya paa nikaliingiza kwenye chemba ya majitaka. Kazi ya saa moja. Nilisema ni kwa wiki moja tu, mpaka nichimbe njia ya kwenda mtaroni. Nilikuwa najua ni kosa, nimewaandikia watu barua za onyo kwa kosa hilo hilo. Mama akalala pakavu. Halafu akafa, tukaingia msibani, na ile wiki moja ina miaka tisa. Nilisahau. Naapa nilisahau, kama mtu anavyosahau mahali alipoweka miwani akiwa ameivaa.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Juzi nilichukua msumeno nikalikata lile bomba nilitoe. Kwenye kiungo kulikuwa na kitambaa, kimezungushwa kwa nguvu, kimeoza nusu. Maua ya njano.

Ndipo nikakumbuka. Siku ile kiungo kilikuwa kinavuja, nikaita ndani, "Shemeji, nipe tambara lolote!" Yeye alikuwa anamwosha mama, akatoka mikono ina sabuni, akachana pindo la gauni lake la kazi akanipa. Hata hakuuliza la nini. Nikalizungushia pale. Miaka imepita, maji yakalichana, nusu ikashuka kwenye chemba. Na mimi nikaenda nikaivua, nikaiinua juu.

Kitambaa kilikuwa changu mimi, mdogo wangu.

Bomba nimeliondoa. Choo chako hakitapanda tena. Rudi nyumbani. Mimi nimeshakwambia wewe, na wewe ndiye mwenye mke, kwa hiyo naona limekwisha.

Kaka yako


Tarehe 17, mwezi wa nne

Kaka,

Halijakwisha. Hukuniinulia mimi kijiti. Uliwainulia wakazi.

Waambie uliowaambia.

Mdogo wako


Tarehe 25, mwezi wa nne

Mdogo wangu,

Unataka nisimame mbele ya wale? Wale wanaotupa nepi mtaroni? Nusu yao mimi ndiye niliyewazibulia vyoo bila hata asante. Mtu wa miaka sabini na sita! Nimeondoa bomba, nimeosha nyumba, nimekuandikia yote wakati ningeweza kunyamaza na yule binti ni mpole, hakumwambia mtu. Kijitabu chake kimeandika namba ya nyumba tu.

Sisimami.

Kaka yako


Tarehe 22, mwezi wa tano

Mdogo wangu,

Umekaa kimya wiki nne. Sawa. Umeshinda.

Mkutano ulikuwa Jumamosi asubuhi, uwanjani. Nilivaa sare yangu ya kazi, inanibana tumboni. Mgongoni nilibeba gunia moja. Mfukoni nilikuwa na vile vitambaa viwili, kile cha ndoano, ambacho nilikuwa nimekitunza kwenye kopo kama ushahidi, na kile cha kwenye kiungo. Nimeviunganisha, vinaingiana mahali pa kuchanika.

Mwenyekiti wa mtaa akasema, "Mzee, una dakika tano, agenda ni ndefu." Nikasimama. Nikasema yote. Bomba, mama, pindo la gauni, bluu. Nikasema yule mwanamke hakutupa hata uzi, na vyote viko humu, nikamwaga gunia chini.

Unajua walisemaje? Fundi baiskeli akauliza, "Kitambaa gani tena?" Mwenzake akamwambia, "Si yule mama wa magunia." "Aa. Yuko wapi siku hizi?" "Alihama." Nikasema amekufa. Wakasema pole, mzee. Kijana mmoja akanyoosha mkono, nikadhani ananiuliza mimi, akauliza gari la taka litakuja lini.

Walikuwa wamesahau, mdogo wangu. Yeye alizunguka miaka minne na magunia, na wao walikuwa wameshasahau walichomchekea.

Muuza mkaa peke yake ndiye alibaki. Alinisaidia kuokota vipande, kimoja kimoja, hata nyuzi. Akasema, "Alikuwa anakuja kwangu kila gunia likijaa. Mimi nilikuwa namwambia naamini, dada, naamini, ili aende zake." Akalia. Na mimi nikashindwa kupiga magoti niokote kwa sababu ya hili goti, nikawa nashika tu mdomo wa gunia.

Nimefanya ulivyotaka. Sikufanya vizuri.

Njia ya maji kwenda mtaroni nimeanza kuichimba mwenyewe, hatua mbili kwa siku. Mpaka nifike, maji ya paa yanaingia kwangu. Yaingie.

Kaka yako


Tarehe 3, mwezi wa sita

Kaka, shikamoo.

Barua yako nilikwenda nayo kaburini nikamsomea yote, na yale ya fundi baiskeli pia, sikuruka. Kisha nikakaa kidogo nikarudi kushona.

Sirudi, kaka. Si kwa hasira, hasira imechoka. Pale siwezi kupita penye ile ndoo aliyokuwa anakalia. Ufunguo baki nao. Magunia nitumie moja moja, binti yangu atayashonea mito.

Goti usilitese. Chimba hatua moja.

Mdogo wako


Tarehe 12, mwezi wa sita

Mdogo wangu,

Gunia la kwanza limeondoka leo. Mvua ya asubuhi, saa mbili nzima. Kwako kavu. Kwangu mpaka vifundoni.

Kaka yako


Tarehe 20, mwezi wa sita

Mdogo wangu,

Manyunyu tu, ila nilikwenda kuangalia. Kavu. Gunia la pili.

Kaka yako


Tarehe 1, mwezi wa saba

Mdogo wangu,

Leo imenyesha ile yenyewe, mtaro umefurika. Yalipofunga mawingu nilichukua ile ndoo nikaigeuza, nikaikalia mbele ya choo chenu mpaka mvua ilipokwisha. Hakikupanda hata kidole. Nikasema kwa sauti, "Shemeji, kavu."

Nikageuza lile sikio langu zima, nikangoja kidogo. Kisha nikafunga mlango, nikakinyanyua kitasa kama ulivyosema.

Kaka yako